Figo ya Dada Niliyoizika Carama

Niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa diploma yangu yote, kwamba figo ikishatolewa mwilini inaendelea kusikia. Ukiichoma sindano, mwenyewe anaruka huko kitandani kwake. Ukiikata vipande, anahesabu. Na ile ya pili, iliyobaki tumboni, inapata habari za mwenzake, inaingia huzuni, nayo inaanza kuugua. Aliyeniambia ni mpakizi wa depo yetu pale Zone Industrielle ya Bujumbura, mtu mwenye mabega mapana kama mlango wa msikiti, ambaye sijawahi kumsikia akisema "labda". Alisema kulikuwa na jamaa wa bandarini, figo yake ilikatwa labo, yaani maabara, vipande kumi na viwili, na saa hiyohiyo yule jamaa, amelala kwake huku mkewe akimpepea, alipiga kelele mara kumi na mbili.

"Kumi na mbili, bwana," alisema mpakizi. "Bibi yake alihesabu."

Basi mimi ni nani nibishane na bibi aliyehesabu?

Na si kwamba sikusoma. Mchana nilikuwa nahesabu magunia depo, jioni naenda darasani. Nilisoma shule ya jioni kwa muda mrefu kiasi kwamba mwalimu wa kwanza alinikuta na nywele nyeusi, na wa mwisho aliniamkia. Mtihani wa biolojia nilichora figo mbili nzuri ajabu, mwalimu akazibandika ukutani, na wenzangu wanasema kila walipoziangalia walishikwa na kiu. Aliyenifundisha kuzichora ni dada yangu mkubwa, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kuingia sekondari. Yeye alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa yunifomu za shule, na tuliishi pamoja katika nyumba ya marehemu baba huko Ngagara, mimi kapera asiye na haraka, yeye mjane asiye na subira. Alikuwa akikanyaga cherehani, daftari langu limefunguliwa mbele yake juu ya kitambaa, ananihoji.

"Figo kazi yake nini?"

"Kuchuja damu."

"Na ile ya pili?"

"Kumsaidia mwenzake."

"Muzuri. Pita."

Labda mpakizi alikuta pale pameshalimwa. Kama figo inaweza kumsaidia mwenzake, kwa nini isimlilie?

Ugonjwa wa dada ulianza kwa mkojo mwekundu, ukaja na maumivu ya ubavu, ukaja na ekografi, ile picha ya tumbo ya mashine, na mwisho ukaja na daktari aliyesema wazi kuwa figo ya kushoto ina saratani na lazima itoke. Ikatoka. Siku hiyo nilikaa kwenye benchi la hospitali nikisoma dua zote ninazozijua, na nilipozimaliza nikasoma kanuni za fizikia. Daktari alipotoka alikuwa na kofia yake mkononi na jasho usoni. Akasema dada yuko salama. Halafu muuguzi akanipa chupa ya plastiki, kubwa kama ya mayonezi, ina mfuniko mwekundu, ndani yake maji makali yenye harufu, na ndani ya maji figo ya dada yangu.

Hapa kwetu hospitali haipeleki yenyewe labo. Anayepeleka ni ndugu wa mgonjwa. Daktari aliandika karatasi, akanishika bega.

"Peleka labo leo hii. Wao watanieleza ni saratani ya aina gani, na kama imetoka yote. Bila majibu yao sitajua nimfuatilie namna gani. Umesikia?"

"Nimesikia, dokta."

Nilikuwa nimesikia kweli. Naweza kuyarudia maneno yale mpaka leo, na mkono wake begani nauhisi. Lakini nilipita kwanza depo kuomba ruhusa ya siku nzima, na chupa niliiweka ndani ya kikapu cha dada, chini ya kanga. Mpakizi akafunua kanga.

"Hii nini? Achari?"

Nikamwambia. Akaweka chini gunia alilokuwa nalo begani, jambo ambalo alikuwa halifanyi hata kwa bosi. Akanieleza ya yule jamaa wa bandarini. Wenzake wakasogea, mmoja akasema yeye pia alisikia, mwingine akasema shangazi yake, na ilipofika zamu ya wa nne ushahidi ulikuwa umeshajaa depo nzima, ukafika juu kwenye mabati.

"Sasa we unamupeleka dada yako akakatwe mara ya pili?" mpakizi aliniuliza. "Na hata hajazinduka?"

Na kwetu, Waislamu wa mji huu tangu enzi za babu, kipande cha mwili hakitupwi. Kinafungwa kitambaa, kinafukiwa kwa heshima. Jino la mwisho la bibi yangu lilifukiwa. Kidole cha mjomba, kilichoondoka na msumeno wa umeme, kilifukiwa watu sita wakiwa wamesimama pale. Kwa hiyo sikuwa naanzisha jambo geni. Nilijiambia hivyo njia nzima. Nilipita nyumbani Ngagara, nikachukua kipande cha tetroni nyeupe kilichobaki kwenye mashati ya wanafunzi, nikaenda kwenye shamba letu dogo kule Carama, ambako dada alipanda lengalenga, mchicha wetu wa huku. Nikamwaga yale maji makali, macho yakanitoka machozi, nikasema ni dawa. Nikaifunga figo. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoichora. Nikachimba kwenye pembe ya shamba, kina cha mkono mzima, nikaizika, nikaweka juu matofali matatu, nikainua mikono nikaomba. Niliomba vizuri siku ile. Niliomba figo iliyobaki isihuzunike.

Jioni nilirudi hospitali. Dada alikuwa amefumbua macho.

"Umepeleka?"

"Nimepeleka."

Huo ndio uongo wa kwanza, na ulitoka kwa urahisi kabisa, kwa sababu sikuuona kuwa uongo. Niliuona kama blanketi.

Siku ya kutoa nyuzi daktari aliuliza majibu, nikasema bado. Mwezi uliofuata akauliza tena, nikasema labo wanasema bado wanatafuta. Mara ya tatu nikasema wamepoteza. Daktari alikasirika mpaka kalamu ikamwanguka. Akaandika barua kwa mkuu wa labo, akapiga muhuri, akanikabidhi mimi niipeleke. Niliitia ndani ya kamusi yangu ya Kifaransa, na mle ndani ilikaa.

"Basi tutafanya hivi," daktari alimwambia dada. "Kila miezi sita unakuja ekografi ya tumbo na damu. Tunaangalia figo iliyobaki na pale tulipokata. Ningekuwa na karatasi ya labo ningejua kama niangalie na mahali pengine, na mara ngapi. Sasa natembea gizani, mama."

Dada akanigeukia. "Hawa watu wa labo, Mungu anawaona."

Nikasema, "Anawaona."

Ndivyo ilivyoanza ile miaka ya kungoja. Mtu akisikia "amepasuliwa, amepona," anadhani mlango umefungwa. Kwetu uliachwa wazi kidogo, na kila miezi sita tulikwenda kuchungulia. Mwezi wa kwanza hadi wa tano dada alikuwa mtu wa kawaida, yaani mkali, mcheshi, mwenye sindano mdomoni. Mwezi wa sita anabadilika. Anashona mkono wa shati mahali pa kola. Anaosha nyumba yote, mpaka upande wa nyuma wa kabati ambao hata mende walikuwa wameusahau. Anapanga nguo zake, na sanda yake aliyojinunulia anaiweka juu kabisa, "ili musitafute".

Alinunua beseni jeupe la kukagulia mkojo, na kila asubuhi tulisubiri taarifa kama watu wanaosubiri habari za redio.

"Njano!" anapiga kelele kutoka uani.

"Alhamdulillah!" najibu mimi na uji mdomoni, na jirani upande wa pili wa ukuta naye anajibu, maana kwa muda ule mtaa mzima ulikuwa unajua.

Asubuhi moja hakupiga kelele. Nikatoka. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya beseni, na ndani yake rangi ilikuwa nyekundu kama divai ya mapadri. Hakulia. Aliniangalia tu, mkono ubavuni, akasema kwa sauti ndogo, "Imerudi." Nikamwinua, nikamvisha, nikamkimbiza hospitali na beseni lenyewe likiwa limefunikwa sahani. Nadhani siku hiyo nilipita magari yote ya Bujumbura, yaliyotembea na yaliyoharibika. Daktari akaangalia, akanusa, akauliza, "Mama, jana ulikula nini?"

Dada akafikiri. "Mutoto wa jirani aliniletea betravu."

Alikuwa amekula sufuria nzima ya ile mizizi myekundu inayopaka rangi mpaka mkojo. Daktari alicheka mpaka akakaa chini, muuguzi akacheka, mimi nikacheka nikashika ukuta. Dada naye akacheka, halafu akaendelea kucheka sisi tulipokuwa tumeshanyamaza, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa namna nyingine. Njiani kurudi alinishika mkono, jambo asilolifanya tangu nilipokuwa mtoto wa kuvushwa barabara.

"Mudogo wangu, mi siombi kuishi milele. Nataka kujua tu, iko ama haiko. Hawa wa labo wangenambia tu ni ya namna gani, ningelala."

Kila tulipopita kwa basi mtaa ule wa labo alitema mate nje ya dirisha. "Hapa ndio walikula figo yangu," alisema. "Sijui waliipika na nini." Abiria walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Na Carama? Carama dada aliendelea kulima. Siku moja alirudi na lengalenga kifungu kizima, akazipika na mawese, akaniwekea. Nikasema nimeshiba. Wiki nyingine, nimeshiba. Akaniangalia.

"We, lengalenga za Carama zilikukosea nini?"

"Tumbo."

"Tumbo lako linakula mpaka misumari." Akavuta sahani yangu, akala yeye. "Na yale matofali matatu nimeyatoa. Yalikuwa yanakaa bure. Nimeyaleta hapa, nimeinua nayo pipa la maji."

Tangu siku hiyo, kila niliponawa nilikuwa nanawa mbele ya matofali yale.

Ungeniuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni kwa sababu nilijiona mshindi. Ekografi ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu safi, figo iliyobaki inafanya kazi, damu nzuri. Nilikuwa najiambia: unaona, haikuhuzunika. Nilimwangalia daktari kwa huruma, yeye na mashine zake, hajui aliyemponya mgonjwa wake ni mimi na jembe. Baadaye, hofu ilipoanza kunipata, nilikuwa nimeshachelewa, na kila siku ilizidi kunichelewesha. Ukikaa na jambo miaka miwili halisemeki kwa sentensi moja tena. Linataka hotuba, na hotuba inataka mtu wa kusimama.

Kiangazi cha tatu dada akaanza kukohoa. Nikamwambia ni vumbi. Kulikuwa na vumbi kweli. Kiangazi kile vumbi la Ngagara lilikuwa zito kiasi kwamba ungeweza kulipaka rangi. Nikamletea asali. Nikamletea tangawizi. Alikohoa wiki nne, nami kwa wiki nne nilikuwa msomi wa vumbi. Ilipofika siku yake ya ekografi, tumbo likakutwa safi, na dada akafurahi sana, akakohoa katikati ya kushukuru. Daktari akaacha kuandika.

"Kikohozi hicho tangu lini?"

Akamtuma radio ya kifua, yaani eksirei, siku hiyohiyo. Tulirudi na ile picha kubwa, daktari akaipachika kwenye taa. Kwenye mapafu ya dada yangu kulikuwa na viduara vyeupe, hapa na hapa na pale, vya mviringo safi, vidogo na vikubwa. Dada alisimama, akasogea karibu kama anayekagua kazi ya fundi mwingine.

"Vifungo," alisema. "Nani ameshona vifungo humo ndani?"

Daktari akamkalisha. Akamweleza taratibu, hakumficha. Inaonekana ugonjwa umekwenda mapafuni. Ziko dawa za kujaribu, lakini zinategemea aina, na aina hatuijui. Watachukua kipande kidogo kwa sindano, kitapelekwa labo. "Safari hii," alisema, "kisipotee. Nani atakipeleka?"

"Huyu," dada alisema, akinigusa goti. "Ndiye musomi wetu."

Siku waliyochukua kile kipande, tulikaa kwenye benchi lilelile la mara ya kwanza. Chupa safari hii ilikuwa ndogo kama ya matone ya macho. Nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili. Dada alikuwa amejifunga kanga kifuani, anapumua kwa vipimo, kama anayehesabu kitambaa.

"Nenda basi. Unangoja nini?"

Nikasema. Sikutoa hotuba. Nilisema, "Dada, labo hawakuipoteza. Sikuipeleka. Niliizika Carama."

Mbele yetu mwanamke mmoja alipita akiwa na chupa ya chai na mikate, akatuamkia, dada akamwitikia vizuri, akamuuliza hali ya mgonjwa wake. Alipokwisha kupita dada akasema, akiangalia mbele:

"Pale kwa yale matofali?"

"Pale."

"Ndio maana hukula lengalenga."

"Ndiyo."

"Kumbe nusu yangu umeshaizika, na mi mwenyewe sikwenda ku matanga." Mdomo wake ulikuwa unataka kucheka na haukuweza. "Ulinifunga sanda ya namna gani?"

"Tetroni. Ile ya mashati."

"Ile ya bei nafuu."

Nikamweleza ya mpakizi, vipande kumi na viwili, kelele kumi na mbili. Nilieleza kila kitu, na nilipokuwa naeleza nilikuwa nausikia ujinga wangu ukitoka mdomoni, mkubwa, una mabega. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafanya kitu ambacho ningependa nisikikumbuke: alitoa uzi uliokuwa umening'inia kwenye kola yangu, akaukata kwa meno, akalainisha kola.

"Miaka yote hii nimewalaani watu wasio na kosa," alisema. "Nimetema mate mbele ya mulango wao. We ulikuwa unacheka."

"Nisamehe, dada."

"Apana. Leo apana. Nitakusamehe, nakujua, nakupenda, lakini leo apana." Akapumua. "Sasa unisikilize. Utakwenda mpaka labo moja kwa moja. Usipite depo. Usipite kwa mutu yeyote mwenye hadithi. Utawaomba radhi kwa jina langu. Na uwaulize vizuri: wakikata, mi nitasikia? Halafu, kama ingeletwa mara ile, ingekuwa namna gani? Watakachosema, uniletee vilevile. Usinipunguzie, usiniongezee. We unaongezaga, toka utoto."

Nikaenda. Nilitembea kwa miguu, chupa mfukoni mwa shati, mkono juu yake, na kwenye kikapu nilikuwa na ile barua ya daktari niliyokuwa nimeitoa kwenye kamusi asubuhi ile, ina mkunjo wa miaka.

Labo niliyoichafulia jina kwa miaka mitatu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kupokelea, na nyuma ya dirisha mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe lenye kifungo kimoja kilichokatika. Alipokea chupa, akaandika daftarini, akaniandikia tarehe ya kurudi. Nikamwomba radhi kwa jina la dada yangu. Hakuelewa, nikamweleza. Nyuma yangu hakukuwa na mtu, kwa hiyo aliniacha nimalize. Hakucheka hata kwenye kelele kumi na mbili. Nikamuuliza maswali mawili ya dada, kama alivyoyauliza, na jibu nikaliandika palepale nyuma ya ile barua ili nisije nikaongeza neno. Jioni nilimsomea dada akiwa amekaa kitandani, amefumba macho.

"Hapana, kaka, hasikii kitu. Kilichotoka mwilini kimeshatoka, hakina habari na mwenyewe. Sisi tunakata nyama kama karatasi, tunaangalia kwa darubini, tunasoma, tunaandika. Ingeletwa ile figo tungesema ni aina gani na ni kali kiasi gani, na daktari angepiga radio ya kifua mapema, asingengoja kikohozi. Siwezi kukuambia kwamba angepona. Naweza kukuambia kwamba mungejua. Na kama mulitaka kuizika, mungekuja kuichukua. Tukimaliza kusoma, tunarudisha. Waislamu wengi wanakuja."